Namna ya Kuharibu Gogo la Kwanza kwa Heshima

Chenso umeshapata, iwe ya kununua au ya kuazima kwa shemeji. Fundi wa kuchomelea amekuungia fremu ya skwea paipu, na nyuma ya nyumba limelala gogo la mgrevilea lililopandwa na baba yako. Unaota mlango mpya, meza, pengine kabati la mama watoto.

Sogea karibu nikuambie jambo ambalo muuza chenso hakukuambia: gogo la kwanza utaliharibu. Wapasuaji wote wa Mbulu na Hanang waliharibu la kwanza. Anayeapa kwamba la kwake lilitoka safi, siku hiyo alikuwa anashika uzi tu, mwenzake ndiye aliyekuwa anaharibu.

Kwa hiyo kuharibu hatukuepuki, tunakupangia. Mtu anaweza kuharibu kwa aibu, akabaki na rundo la kuni, cheni iliyokatika na mguu wenye bandeji. Anaweza pia kuharibu kwa heshima, akabaki na nusu ya mbao, vidole kumi na jina zuri kijijini. Mimi nafundisha huku kwa pili, pamoja na njia zote za mkato ninazozijua.

Faida ipo. Mbao nyingi za paini zinazouzwa nchini hutoka Mafinga na maeneo ya shamba la miti la Sao Hill. Kutoka huko hadi Katesh, kwa kupitia Dodoma na Singida, ni zaidi ya kilomita 600, na kila kilomita imo ndani ya bei unayolipa. Wakati huohuo migrevilea na mikaratusi ya mashambani Dongobesh, Daudi na Endasak inaishia jikoni kama kuni, kwa sababu gogo ni zito na kiwanda kiko mbali. Chenso yenye fremu inaligeuza jambo hilo. Gogo linabaki pale lilipoangukia, na kiwanda unakibeba begani.

1. Anzia ofisini, ndiyo njia fupi

Najua unataka kuanza kwa kuwasha mashine. Anza kwa kugonga mlango wa serikali ya kijiji, kisha wa ofisa misitu wa halmashauri yako. Muulize mambo mawili: kibali cha kuvuna mti wa shambani kwako, na hati ya kusafirishia mbao utakapoziuza. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inahusu mbao hata zikiwa zimetoka kwenye mti uliopanda mwenyewe, na kizuizi cha barabarani hakitajali jina la baba yako.

Hii ni njia ya mkato kwa maana halisi. Asubuhi moja ofisini ni fupi kuliko wiki tatu za kufuatilia mbao zilizokamatwa barabara ya Babati.

Kuna miti ambayo hakuna ujanja utakaoigusa. Mlima Hanang una hifadhi yake chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Nou ni msitu wa hifadhi, na Marang sasa umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara. Mtarakwa wa huko juu unapendeza, harufu yake tamu, mchwa wanaukimbia. Uangalie, unuse, ushuke.

2. Chagua gogo la kuharibia

Usianze na gogo la baba. Hapo ndipo wenye haraka wanapoumia: mti bora kuliko yote kwenye shamba ndio wanaojifunzia.

Tafuta gogo la bei ya kuni, fupi, la futi 6 au 7, lenye kipenyo cha sentimita 30 hivi na lisilo na vifundo vingi. Msaiprasi, ule mnaouita mkrismasi, unafaa sana kwa sababu ni laini na unasamehe. Mgrevilea unafuata; ila unga wake huwawasha watu wengine ngozi, kwa hiyo shusha mikono ya shati. Mkaratusi uache kwanza. Ndani yake una nguvu zilizojikaza tangu ulipokuwa mche, na ukiupasua nguvu hizo zinaachia. Utaona mbao inajipinda kama upinde mbele ya macho yako, bila kosa lako lolote, na hakuna atakayekuamini.

Ukilazimika kupasua mkaratusi, fanya hivi: kata banzi upande mmoja, geuza gogo, kata upande wa pili, geuza tena. Ukiondoa pande zote kwa zamu, nguvu zinabaki zimesawazika. Kiini cha katikati usikigawe. Kiache ndani ya pande moja nene, kiwe nguzo.

3. Tafuta msumari kabla cheni haijaupata

Mti wa msituni umeishi peke yake. Mti wa shambani umeishi na watu, na watu wana misumari. Mgrevilea wa kando ya barabara umebeba mabango ya wagombea, seng'enge ya zizi, ndoano ya mzinga na kamba ya nguo. Mti ukinenepa, unavimeza vyote.

Zunguka gogo polepole na panga mkononi. Bandua maganda, maana kwenye maganda ndiko mchanga unakojificha, na mchanga unaua makali haraka kuliko mbao ngumu. Kisha tafuta doa jeusi au la buluu kwenye mti mweupe. Hilo ni chuma kinachooza ndani. Ukiliona, chimbua kwa patasi au kata kipande hicho ukitupe. Utapoteza sentimita 20 za gogo na utaokoa cheni nzima.

Bado una wasiwasi na sehemu ya chini, pale ng'ombe walipokuwa wanafungwa? Ikate mita moja juu ya shina na uigawe kwa jikoni. Mama atakushukuru, na hakuna atakayejua kwamba uliogopa.

4. Fanya mteremko ukusukumie

Watu wa nchi tambarare wanasukuma msumeno kwa misuli. Wewe uko Mbulu au Hanang, una vilima bure, vitumie.

Lilaze gogo juu ya magogo mawili madogo, lisiguse ardhi, na kichwa unachoanzia kiwe juu kidogo kuliko kile unachomalizia. Mteremko wa kiganja kimoja kwa urefu wa futi 7 unatosha. Fremu itashuka yenyewe, kazi yako itakuwa kuiongoza. Piga kabari pande zote mbili ili gogo lisibingirike. Litikise kwa mguu. Likicheza, hujamaliza.

Halafu angalia upepo. Kupasua kunafanyika ukiwa umeinama, na moshi wa chenso unatoka chini, karibu na pua yako. Panga gogo ili upepo uchukue moshi upande ambao husimami. Kichwa kikianza kuuma saa nne asubuhi, hiyo ni sumu ya moshi, usilisingizie jua. Zima, kaa mbali, kunywa maji.

5. Azima ngazi

Fremu ni kitu rahisi. Ina nguzo mbili zinazobana lile bapa linalobeba cheni, na juu yake kuna reli mbili zinazoteleza juu ya gogo. Umbali kati ya reli na bapa ndio unene wa mbao yako. Ukifunga nati kwenye inchi 2, unapata inchi 2.

Tatizo ni kwamba gogo ni duara. Kwenye kata ya kwanza fremu haina pa kutelezea, itafuata nundu na mashimo yote, na mbao itatoka na mawimbi ya Ziwa Basotu siku ya upepo. Hapa ndipo reli ya kuongozea inapohitajika. Walionunua vifaa kamili wana reli ya aluminiamu. Wewe una ngazi ya jirani.

Ngazi nyoofu ya chuma ni reli safi. Hata mbao ya mbili kwa sita iliyonyooka inafaa. Pigilia kipande cha mbao kwenye kila kichwa cha gogo, kilale sawasawa, kisha funga ngazi juu yake kwa skrubu. Hakikisha kila skrubu iko juu ya njia ya cheni. Pima mara mbili kutoka reli hadi ncha ya skrubu. Skrubu ya shilingi mia inaweza kumaliza cheni mpya kwa nusu sekunde.

Sasa ujanja mkubwa kuliko wote, na hauna gharama. Chukua fimbo mbili nyoofu zinazolingana. Laza moja ngazini kichwa cha mbele, nyingine kichwa cha nyuma. Piga magoti, funga jicho moja, tazama ukingo wa fimbo ya mbele ukifunika wa nyuma. Zikilingana, ngazi iko sawa. Moja ikinyanyuka upande, ngazi imejipinda. Weka kipande cha boksi chini ya kona, tazama tena. Chukua dakika kumi hapa. Kata ya kwanza ndiyo mama wa zote. Ikipinda, mbao zote zitakazofuata zitarithi kilema chake, kwa sababu baada ya hapo fremu itatelezea juu ya uso uleule ulioukata.

6. Cheni si ileile

Cheni uliyouziwa imenolewa kwa kukata mti kwa upana, kama unapokata kuni. Meno yake yana mshazari wa nyuzi 30 hivi. Kupasua kwa urefu ni kazi nyingine: meno yanataka kuelekea mbele moja kwa moja, nyuzi 10 tu. Ukitumia cheni ya kuni, mbao itatoka na makovu, injini italia, na utasema mashine ni mbovu.

Njia ya mkato: usinunue cheni mpya. Chukua ile ya zamani, na kila unapoinoa punguza mshazari kidogo kwa tupa. Baada ya kunoa mara tatu au nne, umeshapata cheni ya kupasulia kwa bei ya tupa. Jambo moja tu: idadi ya mikwaruzo iwe sawa kwa kila jino. Ukipiga tupa mara tatu upande wa kulia na mara tano wa kushoto, msumeno utavutwa upande mmoja siku nzima.

Utajuaje makali yameisha? Usisubiri moshi. Kinga kiganja chini, pokea unga unaotoka. Ukiwa na punje kama chenga za mahindi, endelea. Ukiwa laini kama sembe, simama unoe. Fundi mwenye busara huenda kazini na cheni tatu zilizonolewa usiku. Moja ikiwa butu, anabadilisha, na watu wanadhani ana cheni isiyochakaa. Waache wadhani hivyo.

7. Mafuta

Kupasua ni kazi ya resi ya mwisho, dakika kwa dakika. Chenso ndogo ya kukatia matawi itakufa mikononi mwako. Tafuta injini ya cc 70 au zaidi. Kwa magogo mapana, cc 90. Changanya petroli na oili kama kitabu cha mashine kinavyosema. Kwa oili nzuri ya mashine hizo, mara nyingi ni mililita 20 kwa lita moja. Usikisie kwa kizibo cha soda. Pistoni ikikwama kwa kukosa oili, hapo huna tena chenso, una chuma chakavu.

Cheni nayo inakunywa oili yake, na kwenye kupasua inakunywa sana. Wengi wanatia oili chafu ya gari. Oili hiyo ina vumbi la chuma, inasaga bapa na inachafua mbao ya kabati. Oili yako ikiisha katikati ya kazi na duka la vipuri liko mbali, hapa Hanang una msaada: mafuta ya alizeti. Yanalainisha vizuri tu. Ila usiyaache humo ukaenda kulima wiki mbili, kwani yakikaa yanaganda kama gundi. Malizia siku kwa oili ya kawaida ipite, ndipo uweke mashine ndani.

Ukimaliza kata moja, usizime palepale. Iache iungurume polepole dakika moja ipoe. Na usijaze petroli mashine ikiwa ya moto. Nasema hili bila mzaha wowote.

8. Vaa kama mtu anayepigwa picha

Utataka picha, na ni haki yako. Basi ipige kabla hujaanza, ukiwa msafi, mguu mmoja juu ya gogo, mlima nyuma yako. Baadaye utakuwa na unga hadi masikioni.

Na kwa kuwa ni picha, vaa vizuri: buti ngumu, suruali nzito, miwani ya kukinga macho, vizibo vya masikio, glavu. Ukiwa na kofia ngumu, mkao wako utakuwa wa fundi mkuu. Umaridadi ukikufanya uvae miwani, basi umaridadi umeokoa jicho. Sijali sababu, nataka jicho.

Kandambili ziache nyumbani. Watoto wakae mbali, urefu wa gogo mara mbili. Usipasue peke yako, awepo mtu mmoja anayejua kuzima mashine na mwenye simu yenye chaji. Kutoka baadhi ya vijiji hadi Hospitali ya Haydom au ya Mbulu ni safari ndefu, na damu haingoji gari.

9. Kata ya kwanza

Washa. Ingiza bapa taratibu, fremu ikiwa imelala sawasawa juu ya ngazi. Resi kamili, kisha shuka na mteremko kwa mwendo wa mtu anayetembea nyuma ya jeneza. Usisukume kwa mikono, sukuma kwa nyonga. Ukisikia sauti ya injini inazama, legeza, ikipanda, endelea. Sikio lako ndilo litakalokwambia.

Bapa likishaingia urefu wa mkono mmoja, mwambie mwenzako apachike kabari ya mbao nyuma yako, na nyingine kila hatua moja. Bila kabari, banzi litalala juu ya cheni na kuibana. Kabari ya chuma marufuku. Tayari unajua kwa nini.

Ukifika sentimita 30 za mwisho, punguza haraka yako. Kila mtu huharibu hapo, kwa sababu moyo umeshafika mwisho kabla ya msumeno. Fremu ikining'inia nje ya ngazi, inazama na kuacha ngazi ndogo kwenye uso wa mbao. Ndiyo maana ngazi yako iwe ndefu kuliko gogo, futi moja huku na futi moja kule.

Inua banzi. Chini yake utaona uso wa mti ambao haujawahi kuonwa na mtu. Mgrevilea una madoa yanayong'aa kama hariri. Utanyamaza kidogo. Kila mtu hunyamaza hapo.

10. Pasua nene, uonekane na mkono mwepesi

Sasa hesabu, ambayo ndiyo siri ya biashara hii. Chenso inakula njia pana: karibu milimita 9 kila kata. Msumeno wa mkanda wa kiwandani unakula milimita 3 au chini ya hapo. Huwezi kuubadilisha ukweli huo, lakini unaweza kuuzunguka.

Chukua pande la mraba wa sentimita 30. Ukilipasua kwa mbao za inchi 1, utapata mbao 8. Kiwandani wangepata 10. Mbao mbili zimegeuka unga, ziko chini ya buti zako. Lakini ukilipasua kwa inchi 2, utapata mbao 5, yaani inchi 10 za mti badala ya 8. Kata chache, petroli kidogo, unga kidogo, na mgongo unapumua.

Kwa hiyo usishindane na kiwanda kwenye mbao nyembamba. Uza nene: miimo ya milango, miguu ya meza, mbili kwa nne, mbili kwa sita, mabenchi ya kanisani. Mteja akitaka inchi 1, mwambie kwa upole, "Kaka, mimi napasua za kudumu." Nawe utakuwa umesema kweli.

11. Zika makosa yako kwa heshima zote

Umemaliza. Tazama rundo, bila woga. Mbao tatu ziko sawa, mbili zimepinda, moja nene upande huu na nyembamba upande ule.

Ile yenye umbo la kabari usiitupe. Ipangwe na za aina yake kwenye ukuta wa banda, upande mnene chini, mwembamba juu, zikipandana kama magamba ya samaki. Mvua inateleza vizuri kuliko kwenye mbao zilizo sawa. Iliyojipinda ikate vipande vifupi, maana mbao fupi haina nafasi ya kuonyesha kupinda kwake. Mita moja iliyopinda sana inatoa vigoda viwili vilivyonyooka kabisa. Mizinga ya nyuki ya kisasa nayo inapenda vipande vifupi. Mabanzi ni uzio wa zizi na paa la banda la mbuzi. Unga mwage kwenye njia ya matope kati ya nyumba na choo.

Mzee mwenye shamba atakuja, atashika fimbo nyuma ya mgongo, atazungumza juu ya mvua, halafu atauliza, "Kijana wangu, hii mbona imekwenda kombo?" Usimlaumu mti wala mashine. Jibu, "Shikamoo mzee. Hii ndiyo ya kwanza, ya kwako nitaitoa bila malipo." Hakuna jibu lililowahi kumpa fundi wateja wengi kuliko hilo.

12. Kausha, hapo ndipo wavivu wanapokwama

Mbao mbichi ni maji yaliyosimama. Ukitengeneza mlango wa mbao mbichi mwezi wa nne, mwezi wa nane utapitisha mkono kwenye nyufa zake.

Siku hiyohiyo ya kupasua paka rangi yoyote ya mabaki kwenye vichwa vya mbao. Maji hutoka haraka vichwani kuliko kwingine, na ndipo mipasuko inapoanzia. Zipange kivulini, zimeinuliwa juu ya mawe. Kati ya tabaka na tabaka weka vijiti vya unene mmoja, kila futi mbili, na kila kijiti kikae juu kabisa ya kijiti cha chini yake. Juu weka mawe mazito. Upepo wa Hanang, ule unaowasumbua kwenye mashamba ya ngano, hapa ni mfanyakazi asiyedai mshahara.

Hujui kama zimekauka? Chukua kipande kimoja, kipeleke kwa mwenye duka, akipime kwenye mizani yake ya sukari. Andika uzito kwa mkaa kwenye kipande chenyewe. Wiki ijayo kirudishe. Uzito ukiacha kushuka, mbao zimekauka. Kabla ya hapo fundi seremala akija, mpe chai na umrudishe nyumbani.

Neno la mwisho, la kwako peke yako

Nimekuonyesha njia za mkato kumi na mbili. Ya kumi na tatu haipo, na ndiyo utakayotamani kuliko zote: kushusha mti wa korongoni, ule mnene, mnyoofu, ulio karibu na maji, usio na macho ya kuuona.

Desemba 3, 2023, tope, mawe na miti viliporomoka kutoka Mlima Hanang, vikaingia Katesh na vijiji vya jirani, vikaua zaidi ya watu 80. Wataalamu walieleza kuwa miamba dhaifu ya mlimani ililoa maji ikaachia. Sitasema chenso ya mtu ilifanya hayo. Nasema tu kwamba sisi tunaoishi chini ya mteremko tumeshaona mlima ukitembea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka kingo za mto na ziwa ziachwe bila shughuli zinazoharibu. Hesabu hatua hizo kwa miguu yako mwenyewe, na mti ulio ndani yake ubaki umesimama.

Mti wa shambani kwako ndio wako. Ulichukua miaka 15 au 20 kufika unene huo, na chenso inautawanya kwa mchana mmoja. Ukiupasua hovyo, umechoma miaka hiyo yote. Ukiupasua vizuri, unapata mlango ambao watoto wa watoto wako wataubisha. Mvua za kwanza zikinyesha, panda miche mitano pale lilipolala gogo, uizungushie mabanzi yako yale mabovu mbuzi wasiifikie.

Gogo la kwanza utaliharibu, nalo nimekusamehe. La pili usiliharibu.